Kujenga Mtaa Uliozama, Kibonge kwa Kibonge

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Mtu akiniletea cheti nimtolee kopi, kwanza nakigeuza upande wa nyuma, nakiinua kwenye mwanga, namtazama mwenyewe usoni, ndipo nakilaza kwenye mashine. Mume wangu husema hata mwezi ukiandama mimi nitataka shahidi wa tatu. Na acheke. Steshenari yangu ipo hapa Ujiji mwaka wa kumi na mbili huu, na hajazaliwa wa kuniingiza mkenge. Nayasema haya mapema ili baadaye isionekane najitetea.

Mama yangu aliishi karibu maisha yake yote ya ndoa kwenye nyumba ya ufukweni, safu ya pili kutoka majini, mahali ambapo harufu ya dagaa inakuamsha kabla ya adhana. Ziwa lilipopanda lilianza na safu ya kwanza. Tukasema litarudi, maana tumelizoea, huja na kurudi. Thubutu. Likaingia uwanjani, likaingia jikoni, kuta za matofali mabichi zikalainika kama ugali uliozidi maji, na mvua zilipokatika mtaa mzima wa nyumba ishirini na moja ulikuwa umelala. Majirani wakatawanyika, wengine Gungu, wengine Simbo kwa ndugu zao wenye mashamba. Mama akaenda kukaa Gungu kwa mdogo wangu wa kiume.

Haukupita muda macho yakaanza kumsumbua. Tulimpeleka hospitali, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba ni presha ya macho. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, uliobaki unalindwa kwa dawa ya matone kila siku, na hata hivyo utaendelea kupungua. Wakati wa kurudi Mama hakulia. Alisema tu kwamba angependa kuona kwake mara moja tena kabla macho hayajafunga. Ningempa nini? Kule kulikuwa maji na nguzo mbili za choo cha jirani. Picha tulizonazo zote ni za harusi, na picha ya harusi huonyesha watu na vitenge vyao, nyumba yenyewe huioni.

Kompyuta ya pili ya dukani niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na ndani yake aliacha mchezo mmoja wa kujenga. Ulimwengu wake wote ni vipande vya mraba. Ardhi ni vipande, miti ni vipande, hata maji ni vipande. Mimi niliviita vibonge. Unachimba kibonge hapa, unakipachika pale, mpaka upate ukuta. Mchana mmoja hakuna mteja, nikapachika vibonge vinne vya rangi ya udongo, nikaona kona ya jiko letu. Haki ya nani, moyo ulinienda mbio. Nikajiambia, nitamjengea Mama nyumba yake na mtaa wake wote, nimkalishe mbele ya kioo, aone kwake. Sikumwambia. Niliogopa kumwahidi mgonjwa kitu nisichokuwa na hakika nacho, na pia, niseme kweli, nilitaka nione uso wake atakaposhtuka.

Tatizo nilijitia mwenyewe. Niliamua kibonge kimoja kiwe dhiraa moja, nusu hatua tu, ili madirisha yakae sawasawa. Matokeo yake ukuta mmoja wa ubavuni ukawa unameza mamia ya vibonge, na kila kibonge ni kubonyeza. Tena nilikuwa nacheza kwa namna ya kuhangaika: nachimba udongo mwenyewe, nauchoma kwenye tanuri la humo humo mchezoni, nasubiri, nabeba. Mfuko ukijaa narudi kumwaga. Kidole cha shahada kilivimba mpaka nikawa nahesabu karatasi za wateja kwa kidole cha kati. Miezi miwili ikapita, nina ukuta mmoja na nusu ya jiko. Na Mama kule Gungu alikwisha kuanza kuuliza nani kasimama mlangoni.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia.

Huyu ni mke wa mdogo wangu, mwalimu wa kompyuta, mtu wa Kondoa, aliyepangiwa kazi Kigoma akaja na begi moja na baada ya mwaka akawa na nyumba na mume, na mume huyo ni mdogo wangu. Sina ugomvi naye. Lakini mtu anayecheka na kila mtu mimi humtilia shaka. Yeye ndiye aliyekuwa anamtia Mama matone, asubuhi na jioni, na kila nikienda Ijumaa nawakuta wamekaa wawili wananong'ona na kucheka, nikiingia wananyamaza. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Alikuja dukani kuchapisha mitihani ya shule, akauona mchezo kwenye kioo kabla sijaufunika. Akatazama ukuta wangu, akanitazama kidole. Akaniuliza kwa upole ni kwa nini nachimba udongo wakati mchezo una hali nyingine ambayo vibonge haviishi na hakuna kuchoma wala kubeba. Sikuwa najua. Nikamjibu kwamba najua, ila napenda kazi ya mkono. Akacheka.

Kisha akanifundisha bila kuombwa. Ukitaka ukuta, hupachiki kibonge kimoja kimoja. Unaweka alama kona ya chini huku na kona ya juu kule, unaandika amri ya mstari mmoja, na ukuta unajijaza katikati. Kabla ya kuinua chochote, unachora msingi wa nyumba zote ardhini kwa vibonge vya rangi nyekundu, kama mafundi wanavyovuta kamba, uone mtaa mzima umekaa vipi ndipo ujenge. Na nyumba zinazofanana hujengi mara ishirini. Unajenga moja kwa uangalifu, unaihifadhi kama kiolezo, kisha unaibandika kila mahali na kubadilisha kidogo kidogo: dirisha hapa, banda la kuku pale.

"Wifi, mtaa huu ni kazi ya wiki mbili," akasema. "Kwa namna yako ni miaka miwili, na Mama hana miaka miwili."

Ndiyo, alikwisha kujua ni kwa ajili ya Mama. Nilimkata jicho, nikamuapisha asiseme.

Kwa siku kadhaa sikuamini ule ukuta uliojijaza wenyewe. Kitu kisichotoka jasho kina nini ndani? Alipoondoka nilikuwa natoboa kuta alizojaza, kibonge cha kati, kibonge cha chini, kuona kama ni udongo mtupu au kachanganya kitu. Ulikuwa udongo mtupu. Nikaziba. Kesho yake natoboa tena, mahali pengine. Na hapo mimi ndiye ninayekula kwa kutoa kopi, mashine inanguruma toka asubuhi, lakini nyumba iliyotolewa kopi iliniudhi. Nilihisi kama kumpa Mama karatasi isiyo na mhuri.

Hata hivyo nilimfungulia mlango wa mchezo, awe anaingia kwa mtandao kutoka kwake na kufanya kazi baada ya vipindi. Asubuhi nikifungua duka nakuta nyumba nne zimeota. Siku ya pili saba. Nilipaswa kufurahi, badala yake machale yakanicheza. Mtu mmoja mwenye kazi na mume na mgonjwa wa kumhudumia, anapata wapi muda huu? Nikawaza ameingiza wanafunzi wake. Nikawaza ameingiza watu wa mtandaoni, wageni wasiojulikana wanapita jikoni kwa mama yangu bila hodi. Nikakaa nikipekua nyumba moja baada ya nyingine, kama mgambo anayetafuta gongo, nikitafuta kosa.

Nikalipata.

Kwetu mtaani milango haitazamani. Hilo halikuandikwa popote lakini kila fundi alilijua. Nyumba zilibanana, uchochoro ulikuwa wa watu wawili kupishana, sasa mlango wa mtu ukielekea mlango wa mwenzake, aliyeketi ukumbini kwake ataona mpaka uani kwa jirani, ataona nani anakula nini na nani kavaa kanga moja. Kwa hiyo mlango husogezwa, mlango hutazama ukuta. Na hapa wifi yangu kaweka mlango wa mbele wa nyumba ya Mama, na ng'ambo ya uchochoro, kwenye nyumba ya jirani, mlango mwingine wa kijani, macho kwa macho. Nyumba nyingine zote kazipanga vizuri, imepinda hiyo moja tu, na ni ya mama yangu. Nilijua pale palikuwa na ukuta. Nimeutazama ukuta ule utoto wangu wote, nimeuchora kwa mkaa, nimepigwa kwa kuuchora.

Nikampigia simu. Nilimwambia kopi zake zimemponza, kabandika bila kuangalia, na mtu asiyezaliwa uchochoroni hawezi kujua adabu ya uchochoro. Akasema ule mlango hakuubandika, kauweka kwa mkono, na aliyemwambia auweke pale ni Mama. Anasema alimuuliza kijanja kijanja, wakati wa kumtia dawa, mtaa ulikuwaje.

Loo. Hapo damu ilinichemka mara mbili. Kwanza kavunja siri. Pili anamsingizia mtu mzima. Mama gani atasahau uso wa mlango wake? Nikasema maneno ambayo leo nikiyakumbuka natafuta pa kujificha. Nilimwambia anataka siku ya siku Mama akae mbele ya kioo aseme ahsante mkwe, siyo ahsante mwanangu. Yeye hakunijibu vibaya. Angenijibu vibaya ningepoa.

Jioni ile ile nikamtoa kwenye mchezo. Na zile nyumba kumi na moja alizokwisha kuweka nikazifuta zote. Kwa amri ya mstari mmoja, ile ile aliyonifundisha yeye. Uwanja ukabaki mweupe. Nikasimama pale, yaani kale kamtu kangu ka mchezoni kalisimama pale, na nikajiona nimelinda nyumba ya wazee.

Ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Nikaanza upya peke yangu. Aibu ni kwamba nilijenga kwa njia zake. Nilivuta misingi kwa vibonge vyekundu, nikajaza kuta kwa kona mbili, nikatengeneza kiolezo changu mwenyewe, na bado nikawa nakagua kila kopi kana kwamba aliyeibandika ni adui. Kwa hiyo kazi ya wiki mbili ikala miezi minne. Kila nyumba nilitaka iwe kama nilivyoijua mimi: wembamba wa baraza, bati lililokunjwa pembeni, vichanja vya kuanikia dagaa kimoja kimoja. Ramadhani ikaja na wateja wachache na usingizi wa mchana. Ikaja Idi. Mashine ya kopi ikaharibika, nikapoteza siku tisa kwa fundi.

Ijumaa nilikuwa naenda Gungu kama kawaida. Mama anakaa kwenye jamvi, ananiuliza habari za dukani, ananicheka unene. Mama yangu ni mtu wa kujikaza. Alikuwa anaijua sauti yangu na harufu ya wino wangu, ananyoosha mkono upande nilipo, nami nikasema alhamdulillah, bado yupo vizuri. Mtu wa kushuku kila kitu, hilo sikulishuku.

Wifi alinitumia ujumbe mara moja. Alisema nimpeleke Mama aone hivyo hivyo ilivyo, hata kama haijaisha. Niliusoma mara tatu nikitafuta mtego. Nikaona anataka awepo siku hiyo, apate kusimama mbele. Sikumjibu.

Wiki moja baada ya Idi ya kuchinja nikaweka kichanja cha mwisho. Mtaa mzima, nyumba ishirini na moja, na ziwa mahali pake, mbali kidogo na safu ya kwanza, kama lilivyokuwa likijiheshimu zamani. Nikamwita mdogo wangu amlete Mama dukani. Akaja naye kwenye bajaji, na wifi naye akashuka, kamshika mkono. Nikaguna moyoni. Nikafunga mlango wa duka, nikamkalisha Mama kwenye kiti changu chenye mto, nikageuza kioo kimwelekee.

"Mama, tazama. Kwako hapo."

Aligeuza uso, lakini hakuuelekeza kwenye kioo. Aliuelekeza upande wa feni ya kompyuta, inakotoka sauti. Akatabasamu vizuri kabisa. Nilimtazama mdogo wangu, akainamisha kichwa. Nilimtazama wifi, akatazama sakafu.

"Nielezee, mwanangu," Mama akasema. "Macho siku hizi yananipa weupe tu."

Tangu lini, nikauliza. Mdogo wangu akasema Mama aliwakataza kuniambia, hakutaka nifunge duka kwa ajili yake.

Basi nikaeleza. Nitafanya nini? Nikaingia naye ukumbini, nikampitisha chumbani, nikampeleka jikoni, nikamwonyesha kwa maneno dirisha dogo na mafiga na mtungi wa mawese pembeni. Kila kitu aliitikia, ndiyo, ndiyo, hapo hapo. Akauliza chokaa ya ukumbini, nikamwambia imebanduka upande wa kushoto, akacheka, akasema kweli wewe ulikuwepo. Nikaanza kupata pumzi. Nikafikiri labda inatosha, labda kusikia ni nusu ya kuona.

Kisha akaomba nimtoe nje, nisimame mlangoni pake, nimwambie naona nini mbele.

"Ukuta, Mama."

"Ukuta wa nani?"

"Wa jirani."

Akakunja uso. "Pale hapana ukuta. Pale pana mlango wa shoga yangu."

Akaeleza kwa utulivu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Alipoolewa akaletwa mtaa ule, mtoto wa kike asiyejua mtu, Kiswahili chenyewe kinamtoka kwa Kiha, mwanamke wa nyumba ya ng'ambo ndiye aliyempokea. Wakapendana kiasi kwamba waume zao walipokuwa wanajenga upya, wake hawa wakawaomba wavunje desturi, milango itazamane. Kila mmoja alikaa ukumbini kwake akichambua mchele wake, na wakawa wanazungumza kwa kupokezana kuvuka uchochoro, bila kuinuka. Mtaa uliwasema wakachoka. Yule shoga alifariki mimi nikiwa bado nanyonya. Warithi wake wakauziba mlango kwa matofali wakafungua wa ubavuni, na Mama akabaki anatazama ukuta miaka yote iliyobaki. Ukuta ule niliokuwa nauchora kwa mkaa.

"Siku nilizokuwa nasema nataka kuona kwangu," akasema, "nilikuwa nawaza mlango ule. Nyumba ni matofali tu."

Nilijenga nyumba ishirini na moja za mama yangu, na zote zilikuwa zangu mimi. Nikamgeukia wifi. Ningetaka anisute. Yeye akauliza tu kama anaweza kukaa. Nikainuka kando, nikamfungulia kwa mkono wangu. Kumbe kiolezo cha ile nyumba ya ng'ambo hakukifuta, alikuwa nacho kwenye flashi miezi yote hii. Akaichomeka, akaandika mstari mmoja. Ukuta wangu ukatoweka, na pale pale ukatokea mlango wa kijani. Haikuchukua muda wa kupiga chafya.

"Mlango umerudi, Mama," wifi akasema. "Upo wazi."

Mama akanyoosha mkono mbele, kiganja kikagusa kioo, akakipapasa. Akauliza ni wa kijani. Wifi akasema ni wa kijani. Akauliza kama kizingiti kina ule ufa, wifi akasema kina. Alikuwa ameuweka hata ufa, na mimi niliyeufuta mlango ule sikuwahi kuuona ufa.

"Mkwe wangu, umeujenga lini na wewe ndiyo kwanza umekaa?"

Wifi aligeuza kiti upande wangu. Alinitazama, hakunisaidia wala hakunisema. Aliniachia.

"Kabla ya Ramadhani, Mama," nikasema. "Aliujenga kabla ya Ramadhani. Mimi nikaubomoa."

Mama hakuutoa mkono kwenye kioo. Alifikiri kidogo, akihesabu miezi kwa midomo.

"Kabla ya Ramadhani," akasema, "nilikuwa bado nachambua mchele mwenyewe."